Alama ya Leo na Alama ya Kesho: Jinsi Warushaji wa Besiboli Walivyopimwa

Madereva wa Tanzania wanaijua tochi ya trafiki, na hawaipendi. Mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Michigan State nchini Marekani, kocha wa besiboli Danny Litwhiler aliona kwenye gazeti la wanafunzi kwamba polisi wa chuo wamepata kifaa hicho cha kunasa magari yanayokimbia. Akaona kinachopima gari kinaweza kupima na mpira. Aliwaomba polisi wamjaribie kwa vijana wake, kisha akalipeleka wazo hilo kwa JUGS, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za kurushia mipira. Haikuchukua muda, tochi ya besiboli ikaingia viwanjani. Miongoni mwa mameneja wa mwanzo kuikumbatia alikuwa Earl Weaver wa Baltimore Orioles, ambaye tutamrudia.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, umbali ambao haujabadilika tangu 1893. Mpira wenye mwendo wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa mpigaji kabla nusu sekunde haijaisha. Mechi ina zamu tisa. Anayeanza mechi anatakiwa aende zamu tano, sita au zaidi, na katika muda huo atakutana na wapigaji walewale mara mbili, hata mara tatu. Anayeingia baadaye hurusha zamu moja au mbili kwa nguvu zake zote, kisha anapumzika. Kila klabu kubwa ina timu zake katika ligi ndogo, zilizopangwa daraja juu ya daraja, na huko vijana hukaa miaka wakipikwa. Swali linaloulizwa juu ya kila mrushaji wa ligi ndogo ni moja: huyu atakuja kuwa wa kuanza, au wa kuingia baadaye?

Ngazi hiyo ilijengwa na Branch Rickey. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akiiongoza St. Louis Cardinals, timu isiyokuwa na fedha za kushindana na matajiri wa New York. Kila kijana aliyemwona kwenye ligi ndogo alinunuliwa na klabu nyingine kwa bei kubwa kuliko aliyoimudu. Basi akaanza kununua hisa za timu ndogo zenyewe, zikiwemo za Houston, Fort Smith na Syracuse, ili vijana wawe wake tangu mwanzo. Mfumo huo ndio uliomleta Dizzy Dean, aliyeshinda mechi 30 katika msimu wa 1934 na kuisaidia Cardinals kutwaa ubingwa mwaka uleule. Ulikuwa na uonevu ndani yake pia. Vijana wengi walifungwa katika timu moja miaka mingi bila njia ya kutoka, na mwaka 1938 Kamishna wa besiboli, Kenesaw Mountain Landis, aliwaachia huru zaidi ya wachezaji 70 wa Cardinals kwa mkupuo.

Rickey akiwa na mamia ya vijana ilimbidi awe na namna ya kuwapima. Alipohamia Brooklyn Dodgers, katika kambi ya Vero Beach huko Florida, iliyofunguliwa 1948, walifunga nyuzi kwenye miti miwili kuonyesha mraba ambao mpira ulitakiwa kupita. Mrushaji alirusha, na kila mtu akaona kwa macho yake kama mpira umepita ndani ya nyuzi au nje. Nakipenda kifaa hicho kuliko vyote vilivyokuja baadaye, kwa kuwa kilimpima kijana na kumfundisha kwa wakati mmoja.

Rickey huyohuyo ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa chanzo cha vipimo vya 20 hadi 80 vinavyotumiwa na maskauti, wasaka vipaji wa klabu, mpaka leo. Alama 50 ni wastani wa ligi kuu, 60 ni nzuri kweli, na 80 hupewa wachache mno. Mpira wa kasi hupewa alama yake, mpira wa kupinda yake, mpira wa taratibu unaotoka kwa mkono uleule kama wa kasi nao yake, na umahiri wa kuulenga mpira yake. Fomu ya skauti ina safu mbili: moja ya alama za leo, nyingine ya alama za kesho. Ya leo mtu yeyote mzoefu anaweza kuijaza akiwa amekaa nyuma ya wavu. Ya kesho ndiyo iliyowatukuza watu na kuwaaibisha, na makosa makubwa ya historia hii yote yako humo.

Sasa tumrudie Weaver. Mwaka 1962, kabla hajapanda ligi kuu, alikuwa meneja wa timu ndogo ya Orioles huko Elmira, jimbo la New York. Akapewa kijana mmoja wa mkono wa kushoto, mvaa miwani minene, mtoto wa mji wa viwanda wa New Britain, Connecticut. Jina lake Steve Dalkowski. Wengi waliomwona wanasema hawajapata kuona mtu anayerusha kwa kasi kama yeye. Msimu wake wa kwanza, 1957 huko Kingsport, Tennessee, alirusha zamu 62 na kuwatoa wapigaji 121 kwa mapigo matatu, jambo la ajabu kabisa. Katika zamu hizohizo aliwapa wapigaji 129 kituo cha kwanza bure, kwa sababu mpira haukuingia mrabani. Mwaka 1960, huko Stockton, California, zamu 170 zilileta watu 262 waliotolewa kwa mapigo matatu na 262 waliopewa kituo bure. Usawa wa tarakimu hizo mbili unamweleza Dalkowski kuliko ukurasa mzima wa maneno.

Klabu ilitaka kujua kasi yake hasa, na tochi ilikuwa bado. Mwaka 1958 walimpeleka kwenye kituo cha jeshi cha Aberdeen, Maryland, penye mtambo wa kupima mwendo. Alikuwa amerusha mechi jana yake, alirusha kutoka kwenye ardhi tambarare bila kilima cha mrushaji, na ilimchukua kama dakika 40 kuupitisha mpira kwenye tundu la mtambo. Kipimo kikasema maili 93.5 kwa saa, sawa na kilomita 150. Kwa mtu aliyechoka, aliyelazimika kuupunguza mpira ili ulenge, hiyo haikuwa kasi yake.

Kila kocha alikuwa na dawa yake, na kila mmoja alimwongezea Dalkowski jambo jipya la kukumbuka. Weaver alipunguza. Alimtaka arushe aina mbili tu za mpira na aache mengine. Msimu huo wa Elmira, kwa mara ya kwanza maishani, idadi ya waliopewa kituo bure ilishuka chini ya idadi ya zamu: 114 katika zamu 160. Machi 1963, katika mazoezi kabla ya msimu, akiwa mlangoni mwa ligi kuu, kiwiko chake kiliumia. Hakurudi tena kuwa yule wa awali, na hakuwahi kurusha hata mpira mmoja kwenye mechi ya msimu wa ligi kuu. Alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 80. Ninaposoma habari zake siwaoni tu makocha walioshindwa kumfundisha kulenga. Naona watu waliokuwa na kipimo kimoja vichwani, yaani kasi, wakasahau kuuliza ni kazi gani ndogo ambayo kijana huyu angeanza nayo akaiweza.

Mwaka wa tochi, 1974, ulikuwa na mengine. Klabu zilianzisha ofisi ya pamoja ya maskauti, ripoti zikaanza kufanana nchi nzima. Na Septemba mwaka huo, huko Los Angeles, daktari Frank Jobe alichukua kano ya mkono wa kulia wa mrushaji Tommy John na kuipandikiza kwenye kiwiko chake cha kushoto kilichokatika kano. John alirudi uwanjani 1976 akashinda mechi 164 zaidi. Upasuaji huo ukapewa jina lake. Kwa hiyo kifaa kilichowafanya vijana waikimbilie kasi, na tiba ya viwiko vinavyokatwa na kasi, vilizaliwa mwaka mmoja.

Kwa miaka mingi kazi ya kuingia baadaye haikuwa na heshima kubwa. Aliyewekwa benchi la warushaji mara nyingi alikuwa mzee aliyechoka au kijana aliyekosa nafasi. Takwimu ya kuokoa mechi, yaani kuingia mwishoni na kuulinda ushindi wa timu, ilitambuliwa rasmi 1969 tu. Dennis Eckersley, aliyewahi kushinda mechi 20 kama mrushaji wa kuanza mwaka 1978, alihamishiwa mwisho wa mechi na Oakland mwaka 1987 akiwa anaonekana amekwisha. Mwaka 1992 akachukua tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, na ile ya mchezaji bora wa ligi kwa pamoja. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kazi hiyo ni ya makapi.

Lakini heshima hiyo mpya ilikuja na kishawishi cha kuwapeleka vijana huko mapema mno. Mfano mchungu zaidi ni wa Pedro Martínez. Alitoka Manoguayabo, Jamhuri ya Dominika, mwembamba na si mrefu, akimfuata kaka yake Ramón katika Dodgers. Meneja Tommy Lasorda na wenzake waliamini mwili ule hautahimili mzigo wa kuanza mechi. Mwaka 1993 walimtumia katika mechi 65, akaanza mbili tu. Alirusha vizuri sana, na bado Novemba mwaka huo wakambadilisha na Delino DeShields wa Montreal Expos. Montreal walimwachia aanze. Mwaka 1997 alirusha zamu zaidi ya 240, akawatoa wapigaji 305 kwa mapigo matatu na kumaliza mechi 13 peke yake. Tuzo ya Cy Young akaichukua mwaka huo, akaichukua tena 1999 na 2000 akiwa Boston. Dodgers walikuwa naye mkononi, na aina tatu za mpira za daraja la juu alikuwa nazo machoni pao. Walipima kimo chake wakajaza safu ya kesho kwa kimo.

Kisa cha Mariano Rivera kinakwenda upande mwingine, na ndicho kinachonifanya niliamini jambo moja juu ya kazi hii. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Puerto Caimito, Panama, akicheza nafasi nyingine kabisa. New York Yankees walimsajili Februari 1990 kwa dola elfu chache. Msimu wa kwanza alirusha zamu 52 akaruhusu mkimbio mmoja tu uliohesabiwa kuwa kosa lake. Mwaka 1992 alipasuliwa kiwiko. Mwishoni mwa mwaka huo klabu mbili mpya, Florida na Colorado, zilipochagua wachezaji wasiolindwa na klabu zao, Rivera alikuwa miongoni mwa wasiolindwa, na hakuna aliyemtaka.

Yankees walimwacha aendelee kuanza mechi za ligi ndogo. Mei 1995 akapanda ligi kuu kama mrushaji wa kuanza na mambo yakamwendea kombo, akarudishwa ligi ndogo, Columbus. Huko Juni, bila mtu kujua sababu, kasi yake ilipanda ghafla hadi maili 95 kwa saa. Meneja mkuu Gene Michael alipoiona taarifa hiyo alihakikisha kwanza kwamba tochi haikukosea, kisha akaachana na mpango wa kumpeleka Detroit. Mwaka 1996 akawa wa kuingia zamu ya saba na ya nane. 1997, akicheza mchezo wa kurushiana tu na mwenzake, mpira wake ukaanza kukatika pembeni mwishoni mwa safari. Kwa kutegemea zaidi mpira huo alifikisha mechi 652 alizookoa, idadi ambayo hakuna aliyeifikia, na mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingia Jumba la Mashujaa bila kura hata moja kumkataa.

Hakuna fomu ya 1990 ambayo ingeandika hayo. Jukumu la Rivera lilipatikana kwa kumwacha ajaribu lingine na kushindwa.

Siku hizi tochi imepitwa na vifaa vingine. Rada za TrackMan, kampuni ya Denmark, na mfumo wa Statcast ulioingia ligi kuu 2015 hupima mpira unazunguka mara ngapi kwa dakika na unapinda sentimita ngapi. Vijana wanajifunza aina mpya ya mpira kwa wiki kadhaa, kazi iliyokuwa ya miaka. Ni maendeleo ya kweli. Ila ripoti ya ligi kuu yenyewe ya Desemba 2024 ilikiri kwamba kukimbilia kasi na kurusha kila mpira kwa nguvu zote kunachangia wimbi la majeruhi. Na jukumu lenyewe limesinyaa: Steve Carlton alimaliza mechi 30 peke yake mwaka 1972, na miaka hii timu zote 30 kwa pamoja huzunguka idadi hiyohiyo.

Swali hili sasa limefika kwa vijana wa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 timu ya watoto ya Lugazi, Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Williamsport. Mwaka 2022 Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Pittsburgh Pirates nao walimchukua David Matoma. Vijana kama hawa huingia na mkono wenye nguvu na mechi chache mwilini, na ndio wanaohukumiwa haraka kuliko wote: kasi ipo, mengine hayapo, basi apelekwe mwisho wa mechi. Ningekuwa na sauti ningeomba waachwe waanze mechi za ligi ndogo miaka miwili mitatu. Anayeanza hupata zamu nyingi za kujifunzia mpira wa pili na wa tatu, na kumhamishia benchi la warushaji ni uamuzi wa mchana mmoja, wakati kumrudisha huchukua misimu. Rivera mwenyewe alikuwa na miaka 25 alipoacha kuanza mechi.