Gauni Lililopwaya Mara Tatu: Historia ya Maradhi ya Kukataa Kula



Mimi ni fundi cherehani. Nashona na kuuza nguo za harusi Kasulu, na wateja wengine hunifuata kutoka Kibondo. Mwaka jana nilimpima bi harusi mmoja. Baada ya wiki mbili gauni likampwaya, nikalipunguza. Akarudi, likapwaya tena. Mara ya tatu shangazi yake akacheka, "Anajiandaa huyo." Shangazi alipotoka nje, binti akaninong'oneza: "Dada, njaa ninayo, lakini naogopa kula. Nikila najitapisha."

Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kusoma, nikakuta maradhi haya ni ya zamani kuliko cherehani yenyewe.

Mwaka 1689 tabibu Mwingereza, Richard Morton, aliandika habari za binti wa miaka 18 aliyekonda kwa kuacha kula, bila homa wala kikohozi. Alichoka na dawa, akazikataa, na baada ya miezi mitatu akafariki. Mwaka 1873 William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris waliueleza ugonjwa huo, kila mmoja kivyake. Gull ndiye aliyeuita anoreksia nervosa. Lasègue aliona jambo tunalolijua: familia hubembeleza, kisha hutisha, na binti huzidi kukaza. Mwaka 1979 Gerald Russell, naye wa London, akaeleza bulimia: mtu anakula kupita kiasi, kisha anajitapisha.

Tusiseme ni ya Wazungu tu. Ghana, mwaka 2004, watafiti walieleza habari za wanafunzi wa sekondari waliojinyima chakula mpaka wakakonda, na baadhi yao walikuona kujinyima huko kuwa ni ibada na kujizuia nafsi. Mwaka 2007 ukachapishwa utafiti juu ya wasichana na wanawake wa Tanzania, na dalili zikaonekana hapahapa kwetu.

Waislamu nasi tuna kisa chetu. Nizami Aruzi, mwandishi wa karne ya 12, anasimulia kwamba Ibn Sina aliitwa kumtibu mwana wa mfalme aliyejiona ng'ombe, akakataa kula, akitaka achinjwe. Ibn Sina hakumkemea. Aliingia na kisu kama mchinjaji, akampapasa mbavu, akasema huyu amekonda, anenepeshwe kwanza. Kijana akala, akanywa dawa, akapona. Ugonjwa wake si huu, lakini adabu ya tabibu ndiyo tunayoihitaji: alimfuata mgonjwa pale alipo.

Kwetu aibu ina sababu yake. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Kibondo ikawekwa Nduta. Tumezoea kuona watu wakipanga foleni ya mgao wa unga na maharage. Katika nchi hiyo, nani atathubutu kusema chakula kipo na kinanishinda? Ataambiwa anadeka, ana mimba, au amerogwa. Basi ananyamaza.

Dada, usinyamaze. Mwambie mtu mmoja unayemwamini. Nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, useme wazi: "Naogopa kula," au "Najitapisha." Omba kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Maweni, Kigoma mjini, au Muhimbili. Walio Unguja wana Kidongo Chekundu. Ukizimia, moyo ukienda mbio au ukitapika damu, usingoje kesho.

Na Ramadhani isiwe kificho. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua. Muulize daktari, kisha shekhe wako.

Yule binti nilimwita shangazi yake, tukazungumza watatu, mlango umefungwa. Shangazi alilia. Wiki ile ile wakaenda hospitali, na harusi ikasogezwa mbele. Bado anahudhuria kliniki. Gauni nimelishona upya, na safari hii nimeacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono, ili likihitaji kuachiwa, liachiwe.