Stick (1985): filme mbaya, anguko la ajabu

Bandugu, juzi nimeangalia tena Stick, filme ya kipolisi ya mwaka 1985. Burt Reynolds njo aliiongoza na njo aliicheza: mtu anatoka gerezani, anafika Miami, anaingia kati ya wauza dawa za kulevya. Inatoka katika kitabu cha Elmore Leonard, lakini inachosha kabisa. Leonard mwenyewe hakuipenda.

Kitu kimoja tu kinaiokoa. Dar Robinson, kaskadere aliyecheza muuaji Moke, anaanguka toka jengo refu huku anapiga bastola. Chini hakuna mto wa hewa. Ni kamba nyembamba ya chuma, mtambo alioutengeneza yeye mwenyewe, inayopunguza mwendo wake. Kwa hiyo kamera iliweza kumuangalia toka juu.

Novemba 1986 alikufa Arizona, kwa pikipiki, akifanya filme nyingine. Alikuwa na miaka 39. Mwaka uliofuata, Lethal Weapon ilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Sisi tunashika jina la Reynolds tu. Basi filme ikiisha, tusizime mbio: tusome kwanza yale majina madogo ya mwisho.