Ufa katika Springi: Umbile la Ndani la Feleji na Uchovu Wake, kutoka Versailles hadi Busanza

Seli ya Busanza, katika Sekta ya Kanombe, Wilaya ya Kicukiro, iko jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, lakini mahitaji yake mazito huja kwa barabara. Sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda itokayo ng'ambo husafiri takriban kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo. Katika mwendo huo springi za lori hupinda na kunyooka mara zisizohesabika, hadi siku moja jani moja likatike bila mzigo kuzidi kipimo.

Tatizo hili lilianza kusumbua Ulaya kabla ya malori kuwapo. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Versailles, ekseli ya injini ya treni ilivunjika na watu wengi wakafa. Wahandisi wengi waliamini kuwa mitikisiko hugeuza nyuzi za chuma kuwa fuwele. Mwaka 1843 William Rankine alipinga imani hiyo: ufa, alionyesha, huanzia penye kona kali na kukua polepole. Hata hivyo imani hiyo haikufa upesi. Mwaka 1903 Ewing na Humfrey waliona kwa darubini mistari ya mteleziko ndani ya chembe za chuma cha Sweden ikigeuka nyufa. Chuma kilikuwa cha fuwele tangu mwanzo.

Utafiti wa baadaye ulileta jambo lisilotarajiwa. Chembe ndogo huchelewesha kuzaliwa kwa ufa, ilhali chembe kubwa zaweza kuuzuia ufa uliokwisha kuzaliwa, kwa kuulazimisha upinde na nyuso zake zikwaruzane. Ufa ukirefuka, tofauti baina ya feleji nyingi hupungua mno. Dai kwamba feleji ngumu zaidi ndiyo salama zaidi halina msingi.

Wahunzi wa Maziwa Makuu, warithi wa uchenjuaji wa karne nyingi, hufua majembe na mapanga kutokana na springi kuukuu. Kwa jembe, moto wa makaa hauna hasara kubwa. Springi iliyopashwa hadi iwe nyekundu, ikapoa hewani na kurudishwa chini ya lori, ni jambo jingine: martensiti iliyolainishwa kiwandani hutoweka, kaboni ya juujuu huungua, na ufa hupata pa kuanzia. Ukaguzi unaohesabu majani na kupima unene hauoni badiliko hilo. Kipimo cha ugumu, kwa kifaa cha mkononi, mara nyingi hulifichua.