Andreas, muuza ramani ambazo hazijachapwa

Kila nikiandika programu ya ramani humkumbuka Alfred Theodore Andreas. Bwana huyu alizaliwa mwaka 1839 katika jimbo la New York, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akaingia biashara ya atlasi huko Iowa.

Mbinu yake ilikuwa hivi: mawakala walizunguka mashambani wakiandikisha wanunuzi kabla kitabu hakijachapwa. Ukitaka picha ya nyumba yako au habari za maisha yako ziingie, unaongeza pesa.

Baada ya kaunti akataka jimbo zima. Atlasi ya Minnesota ilitoka 1874. Wakati mbaya kweli! Mwaka 1873 mabenki yalikuwa yameanguka, na nzige walikuwa wakimaliza mazao ya wateja wake. Alipata hasara. Hata hivyo hakuacha: Iowa 1875, Indiana 1876, kisha historia ya Chicago, juzuu 3, kati ya 1884 na 1886. Alifariki mwaka 1900.

Leo wanaotafuta habari za mababu zao huzipekua sana atlasi hizi. Lakini mimi, mtu wa data, nauliza: nani hayumo? Kibarua asiye na shamba hakuwa mteja. Wadakota wengi walikuwa wamefukuzwa Minnesota mwaka 1863. Wangelipia picha ya nyumba gani?

Basi ndugu msomaji, ukikabidhiwa data, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kodi, uliza kwanza nani aliigharamia.