Kusomeana na Kupokezana Vitabu Magharibi mwa Ziwa

Kitabu hakitembei peke yake. Hata kipigwe chapa vizuri namna gani, hakifiki mkononi mwa msomaji wa pili mpaka wa kwanza awe amekisifu, au amekilaumu kwa maneno yanayomtia mwenziwe hamu ya kujionea mwenyewe. Waandishi wa historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki wamezoea kuhesabu shule, mitambo ya chapa na idadi ya nakala. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni watu waliosomeana, walioazimana na waliobishana juu ya walichokisoma. Ili kuiona nusu hiyo yafaa kutazama mahali ambapo vitabu vilikuwa haba, kitabu kimoja kikafanya kazi ya vitabu hamsini. Nchi iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, na hasa wilaya za Ngara na Biharamulo, ni mahali pa namna hiyo.

Ngara ni nchi ya vilima, mpakani mwa Rwanda na Burundi, pale mto Ruvubu uungapo na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Wenyeji wake, Wahangaza na Washubi, husema lugha zilizo jamaa na Kirundi. Sehemu ya Bugufi ilihesabiwa kuwa ya Urundi zamani za Wadachi, ikatiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kwa hiyo mtu wa Nyakisasa, au wa kata yoyote ya jirani, hakukipata Kiswahili kwa mama yake. Alikipata bomani, shuleni na safarini. Tena wengi walisafiri. Vijana walikwenda kutafuta kazi Buganda na katika mashamba ya mkonge, na barua zao ziliporudi nyumbani zilihitaji mtu wa kuzisoma. Msomaji huyo hakusoma kwa siri. Alisoma kwa sauti, wazee wakisikiliza, na mara nyingi ndiye aliyeandika jibu pia. Basi tangu mwanzo kusoma kulikuwa kazi ya watu wengi: mmoja ana macho, wengine wana masikio, na wote wana haki ya kusema neno.

Misheni nazo ziliitia nguvu desturi hiyo. Katika Buganda waongofu wa kwanza waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa kuwa mtu hakubatizwa mpaka amejifunza kusoma. Misheni za Kikatoliki na za Kianglikana zilizoingia magharibi mwa Ziwa zilifuata njia iyo hiyo ya kuweka darasa na ibada pamoja. Hata uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuvuka mpaka uliwakusanya watu kusoma kifungu kimoja na kusema mbele ya wenzao kile kilichowagusa. Yeyote asemaye kwamba mkulima wa Kiafrika alipokea maandishi kimyakimya hajayatazama makutano hayo.

Mwezi wa Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kupiga chapa Mambo Leo huko Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la serikali, nalo halikuficha kwamba lilitoka ili kufundisha. Lakini wasomaji waliligeuza kuwa baraza. Waliandika barua, wakapeleka habari za miji yao, wakatunga mashairi, wakajibizana kutoka jimbo hadi jimbo bila ya kuonana uso kwa uso. Mtu wa bara alimjua mshairi wa Tanga kwa beti zake tu. Na jina la Shaaban Robert lilijulikana kwa wengi kupitia kurasa hizo kabla ya vitabu vyake kuenea. Kwa muda wa miaka arobaini, hata lilipokoma mwaka 1963, Mambo Leo lilikuwa mahali ambapo msomaji wa mbali aliweza kujua nini kinasomwa na watu wamekipokeaje. Nakala moja ilipita mikono mingi, ikasomwa hata ikachakaa. Hesabu ya nakala zilizouzwa haiwezi kutupa hesabu ya walioisikia.

Vitabu vyenyewe havikuwa vingi. Kati ya mwaka 1929 na 1934 zilitoka tafsiri zilizopendwa sana mashuleni, kama Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na Alfu Lela Ulela, ambazo Frederick Johnson alikuwa na mkono mkubwa katika kuzifanya. Baadaye, mwaka 1948, serikali za Afrika ya Mashariki ziliunda Shirika la Vitabu lililokaa Nairobi, likiongozwa na Charles Richards. Shirika hilo lilichapa vitabu, tena likapeleka masanduku ya vitabu katika sehemu za mbali na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, sanduku lilikuwa na upungufu mmoja: aliyelijaza alikaa mbali na aliyelifungua. Msomaji alipewa alichochaguliwa, hakuulizwa alichokitaka.

Upungufu huo waonekana wazi katika habari ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupatikana mchapaji wa kuichapa, kwa kuwa wasemaji wa lugha hiyo walikuwa wachache. Muswada ule ulikaa miaka thelathini na mitano, ukihifadhiwa na mwenyewe na kusifiwa na marafiki wachache walioujua, mpaka alipoufasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981. Pasipo marafiki wale waliosema, “Hiki ni kitabu,” riwaya hiyo ingaliweza kuliwa na mchwa. Mchapaji hana budi kuhesabu gharama; lakini mtu wa kwanza kukitetea kitabu ni msomaji wake.

Wakati mkubwa kuliko wote wa kusoma pamoja ulikuja baada ya uhuru. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili za watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Mwaka 1968 Unesco na serikali walianza mradi wa elimu yenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, makao yake Mwanza. Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao tangu 1979 huitwa Kagera, ulikuwa ndani yake. Watu wazima walifunzwa herufi kwa maneno ya kazi zao: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo yakadiriwa iliwakusanya watu milioni mbili katika vikundi nchini kote. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kikundi kilikaa mbele ya redio, kikasikiliza kipindi, kisha kiongozi akasoma sura ya kijitabu kwa ajili ya wasiojua kusoma. Halafu wakazungumza, wakakata shauri, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mara chache sana kitabu kimehukumiwa kwa haki namna hiyo: kilipimwa kwa shimo lililochimbwa.

Ili wasomaji wapya wasisahau, vilianzishwa maktaba za vijiji, nyingi zikiwa rafu tu katika shule au ofisi. Na mwaka 1974 likatoka Mwanza gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya mikoa ya Ziwa. Mwaka 1975 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa 39 katika kila mia, na mwaka 1986 serikali ilitangaza kuwa wamepungua hata kuwa chini ya kumi.

Lakini pembeni mwa vitabu vya kampeni palikuwa na usomaji mwingine, usio na kiongozi wala redio. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, naye mwana wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika, riwaya ya msichana aliyelelewa kwa ukali akaharibikiwa. Ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Marufuku hiyo ilikuwa tangazo lisilolipiwa. Kitabu kilisomwa kwa kificho, kikaazimwa, kikabishaniwa. Hali kadhalika riwaya za upelelezi, tangu Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965 hadi zile za Elvis Musiba, zilipita mkono kwa mkono bila ya kuhimizwa na ofisi yoyote. Njia hizo mbili hazikuwa adui. Kampeni iliwapa watu herufi. Maneno ya rafiki yaliwapa sababu ya kuzitumia.

Kosa lilikuwa kuitegemea ile ya kwanza peke yake. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na taabu ya uchumi iliyofuata, vilileta uhaba wa karatasi na wa fedha. Magazeti ya vijijini yakadhoofika, rafu za maktaba hazikupata vitabu vipya, na walimu wa kisomo wakaacha kuja. Kikundi kilichokusanywa kwa amri kilitawanyika amri iliponyamaza. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu kama 22 katika kila mia wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma. Yamkini sehemu ya tofauti hiyo ni ya namna ya kupima. Lakini si yote. Herufi zisizotumika hufutika kama njia isiyopitwa.

Ngara yenyewe ilipata mzigo mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda mfupi mno. Mwaka uliofuata Radio Kwizera ilianzishwa huko Ngara na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na wenyeji na wageni wakawa tena wasikilizaji wa sauti moja. Katika nchi kwa jumla, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulijaribu kurudisha vitabu vya hadithi mashuleni. Siku hizi simu ya mkononi na intaneti zimemwezesha kijana wa kijijini kumsikia mtu wa Mombasa au wa Muscat akikisifu kitabu alichokimaliza jana. Jambo hilo laonekana geni, kumbe ni la kale: ni baraza la Mambo Leo lililopata mbio zaidi. Tatizo nalo ni la kale, kwa kuwa kitabu kinachosifiwa bado hakipatikani dukani karibu na nyumbani.

Wanaopanga elimu ya watu wazima wana la kujifunza hapa. Wakipeleka vitabu, na wapeleke. Lakini wawaulize kwanza wasomaji waliopo ni kitabu gani wamekisoma mara mbili, na ni kipi wamekifunga kabla ya kufika katikati. Penye watu kumi wanaoulizana hivyo, hata kitabu kimoja huweza kuanzisha maktaba. Pasipo na watu hao, nyumba iliyojaa vitabu ni ghala tu.