Bomu la Kigoma na hesabu ya parabola

Wadau, leo tuache siasa kidogo, turudi Kigoma ya mwaka 1916.

Vita Kuu ya Kwanza imeshafika Ziwa Tanganyika. Wajerumani wana meli yao, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa na kuletwa vipande vipande hadi Kigoma. Ng'ambo, upande wa Kongo, Wabelgiji wana ndege za kutua majini. Mwezi Juni wakavuka ziwa, wakaidondoshea bandari mabomu. Baadaye wakatangaza kwamba Götzen wameipiga.

Je, ilikuwa rahisi hivyo? Tupige hesabu.

Wengi tunadhani bomu hushuka wima kama embe. Hapana! Linatoka na mwendo wa ndege, hivyo linakwenda mbele huku likishuka. Linachora parabola. Kama ndege inaruka sambamba na maji, pale bomu lilipoachiwa ndipo penye kipeo, yaani juu kabisa ya parabola hiyo.

Chukua mfano wangu: kimo mita 490, mwendo mita 25 kwa sekunde. Kipeo ni (0, 490). Bomu litaanguka kwa sekunde 10, kwa hiyo litafika majini mita 250 mbele: nukta (250, 0).

Mlinganyo wenye kipeo (h, k) ni y = a(x − h)² + k. Tukiweka kipeo chetu, y = ax² + 490. Tukiweka nukta ya pili, 0 = 62,500a + 490, basi a = −0.00784.

Jibu: y = −0.00784x² + 490. Nukta mbili zimetosha kwa sababu moja ni kipeo. Bila kipeo tungehitaji tatu.

Sasa ona kazi ya rubani. Akichelewa sekunde moja tu, bomu linapita mita 25 mbele. Upana wa Götzen ni kama mita 10! Na hapo upepo hatujaugusa. Lililokosa meli linaangukia wapi? Bandarini kuna watu, na vita hiyo hawakuianzisha wao.

Kilichoizamisha Götzen kinajulikana. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, baada ya kupaka mitambo grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ndiyo maana napenda hesabu, wadau. Taarifa ya vita ikija na majigambo, itafutie kipeo na nukta moja, halafu uipime.

Nawasilisha.