Upepo haukukosekana: safari ya umeme wa upepo Kenya

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Kenya Power ilisema chanzo ni mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana kutoka ghafla kwenye gridi ya taifa. Wenye mitambo wakajibu kwamba iliwabidi kutoka kwa sababu msongo wa umeme kwenye gridi hiyo ulikuwa umepanda kupita kiasi. Mzozo huo uliamsha upya swali la zamani: je, nchi inaweza kuutegemea upepo?

Anayefuatilia historia ya nishati hii nchini hugundua kwamba upepo haukuwa tatizo. Matatizo makubwa yalitokana na nyaya, ardhi na saa.

Mwanzoni upepo ulipewa kazi ya kupandisha maji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 karakana ya Bobs Harries, karibu na Thika, ilianza kuunda pampu za upepo za Kijito kwa ajili ya visima vya sehemu kame. Kisha mwaka 1982 wataalamu wawili wa hali ya hewa, J. H. Kinuthia na G. C. Asnani, wakachapisha waliyoyabaini kaskazini mwa nchi. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya hupita mkondo wa upepo wenye kasi kubwa, tena usio mbali na ardhi. Hewa itokayo upande wa Bahari ya Hindi hubanwa katika bonde lililo kati ya nyanda hizo na kuchomoka kwa nguvu, mithili ya maji ya mpira uliozibwa mdomo kwa kidole.

Hata hivyo umeme wa upepo ulianzia pengine, kwenye vilima vya Ngong. Mwaka 1993 ilisimikwa pale mitambo miwili, msaada wa serikali ya Ubelgiji, ambayo kwa pamoja haikufikisha hata nusu megawati. Mwaka 2009 kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ikaongeza mitambo sita yenye jumla ya megawati 5.1, na baadaye kituo kikapanuliwa hadi megawati 25.5. Ngong ilikuwa na bahati moja: Nairobi iko karibu.

Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, haikuwa na bahati hiyo. Mradi wa Ziwa Turkana ulihitaji mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Mitambo midogo kiasi hicho ilichaguliwa kwa kuwa mikubwa zaidi isingefikishwa kule kwa urahisi. Hata hiyo midogo ilidai kwanza barabara ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Laisamis itengenezwe. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilijitoa kwenye dhamana ya mradi, ikihofia kwamba Kenya ingelipia umeme isioweza kuutumia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaendelea kuongoza kazi ya kutafuta fedha.

Hofu ile haikuwa ya bure. Mwaka 2017 mitambo ilikuwa imekamilika, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa haikuwapo. Isolux, kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ya kuijenga, ilikuwa imefilisika, na makandarasi wa Kichina ndio walioimaliza. Umeme wa kwanza uliingia kwenye gridi Septemba 2018. Muda wote huo mkataba wa kununua umeme wa mradi ulihesabu umeme ambao ungezalishwa, na serikali ikabeba deni la mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua mradi rasmi Julai 2019.

Suala la ardhi nalo lilikuwa likitokota. Mradi ulikuwa umepewa ekari zipatazo 150,000 katika malisho ya jamii za wafugaji. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha taratibu. Kinangop hali ilikuwa mbaya zaidi: mradi wa megawati 60.8 uliachwa mwaka 2016, baada ya maandamano ya wakulima yaliyogharimu uhai wa mtu. Kipeto, Kajiado, walipita njia nyingine. Wamiliki wa ardhi, wengi wao Wamaasai, waliingia mikataba ya kukodisha na kulipwa. Tumbusi nao waliwekewa walinzi: ndege hao wakikaribia, mtambo husimamishwa. Megawati 100 za Kipeto zilianza kuuzwa mwaka 2021.

Limebaki suala la saa. Upepo wa Turkana hushika kasi usiku wa manane kuelekea alfajiri. Wakenya huhitaji umeme zaidi kati ya saa moja na saa nne usiku, taa zinapowaka na televisheni zinapowashwa. Wakishalala, umeme huzidi mahitaji, na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, ambao tayari umegharimiwa, huachwa upotelee hewani. Pamoja na hayo yote, upepo uliwahi kufikia karibu sehemu moja ya sita ya umeme wa Kenya. Kuvuka kiwango hicho kunadai betri za kuhifadhi, njia za kuuziana umeme na majirani kama ile ya Isinya hadi Singida, na vyanzo vinavyosaidiana. Mwenga, huko Mufindi nchini Tanzania, mitambo mitatu ya upepo iliwekwa kusaidia umeme wa maji, ambao hupungua wakati wa kiangazi.

Anayetaka ushahidi kwamba upepo unaweza kubeba mzigo wa taifa, basi upo Loiyangalani. Mradi ujao uulizwe mambo matatu kabla mnara wa kwanza haujasimama: mwenye ardhi amekubali? Nyaya zimefika? Na umeme wa saa tisa usiku atanunua nani?